Kuhifadhi na Kutotolesha Mayai ya Kware kwa Mara ya Kwanza

Kware tunaofuga, wenye asili ya Japani, karibu wote wamepoteza tabia ya kulalia, kwa hiyo usitegemee jike akusaidie. Anayeanza huelekeza wasiwasi wote kwenye mashine ya kutotoleshea, ilhali hasara kubwa niliyopata mimi ilitokea kabla mashine haijawashwa. Nilikusanya mayai 60 kwa siku 12 juu ya kabati, Dar es Salaam, wakati wa joto, nikapata vifaranga 9.

Sababu yake inaeleweka. Kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika ndani ya yai, huanza kukua joto linapopita takriban nyuzi 20, na chumba chenye nyuzi 30 hukiamsha bila kukipa joto la kutosha kukua ipasavyo, hivyo hudhoofika siku baada ya siku na hatimaye hufa ndani ya ganda ambalo kwa nje halionyeshi kasoro yoyote.

Hatua ya kwanza ni kuchagua. Chukua mayai ya gramu 10 hadi 12, yasiyo na ufa wala umbo la ajabu, kutoka kundi ambalo dume mmoja anahudumia majike wawili hadi wanne. Usiyaoshe, kwa sababu ganda lina utando mwembamba unaozuia vijidudu. Vumbi lifute kwa kitambaa kikavu, na yai lililochafuka sana lipeleke jikoni.

Hatua ya pili, ambayo naomba uipe uzito kuliko zote, ni kuhifadhi. Yapange ncha nyembamba ikiwa chini, mahali penye nyuzi 13 hadi 16 na unyevu wa asilimia 70 hivi, kwa muda usiozidi siku 7. Friji ya kawaida yenye nyuzi 4 ni baridi mno. Kwa mkazi wa Njombe au Mbeya, chumba kisichopigwa na jua huweza kutosha miezi ya baridi. Dodoma, ambako hewa ni kavu, chungu kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati pakajazwa mchanga unaomwagiwa maji, hupunguza joto vizuri. Pwani mbinu hiyo haisaidii sana kwa kuwa hewa tayari ina unyevu mwingi. Ukiwa pwani na huna mahali pa baridi, kusanya mayai ya siku 3 au 4 tu, hata kama mashine haitajaa.

Hatua ya tatu, washa mashine siku moja kabla na uhakikishe joto limetulia. Kipimajoto kilichokuja na mashine kilinganishe na kile cha kupimia homa, maana kosa la nyuzi moja tu huharibu matokeo. Mayai yaliyotoka baridini yaache kwanza saa kadhaa chumbani yapate joto taratibu, yasije yakatoka jasho.

Hatua ya nne inahusu siku 14 za mwanzo. Mashine yenye feni iwe na nyuzi 37.5 hadi 37.7 na unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Geuza mayai angalau mara 3 kwa siku. Kama mashine hugeuza yenyewe, tumia trei za kware, kwa sababu katika trei za kuku mayai haya hulegea na kugongana. Umeme ukikatika, funika mashine kwa blanketi huku ukiacha matundu ya hewa wazi, wala usifungue kuchungulia. Kupoa kwa muda mfupi huvumilika kuliko joto kupita kiasi.

Hatua ya tano huanza siku ya 15. Acha kugeuza, laza mayai juu ya kitambaa kisichoteleza ili miguu ya vifaranga isitanuke, kisha pandisha unyevu hadi asilimia 65 au 70. Vifaranga wengi huanguliwa siku ya 17 au 18. Kuanzia kifaranga wa kwanza anapotoboa ganda, usifungue mashine, kwani unyevu ukitoka ghafla utando wa ndani ya ganda hukauka na kuwabana wenzake ambao bado wamo ndani.

Wakishakauka manyoya, wahamishie kwenye boksi lenye joto la nyuzi 35 hadi 37, na chombo cha maji kijaze gololi au kokoto safi, kwa kuwa kifaranga wa kware ni mdogo kiasi cha kuzama katika kina cha sentimita mbili.