Kupanga Vitabu vya Huzuni na vya Kuchekesha Katika Chama cha Wasomaji

Wanachama wa chama cha wasomaji mjini Kisumu wakiulizwa wasome nini, wengi hupendekeza kitabu cha huzuni, kwa kuwa wanaamini kwamba kilichowaliza ndicho chenye uzito. Mratibu asikubali haraka. Vitabu viwili vya misiba vikifuatana, mkutano wa tatu huwa na viti vitupu, na kisingizio huwa ni mvua ya jioni. Ni afadhali huzuni ipokezane na kicheko, mwezi mmoja kwa mwingine.

Kabla ya kitabu cha huzuni, wanachama waelezwe wazi kilichomo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka wa 1971, ina kisa cha msichana anayejiua, na mtu aliyefiwa kwa njia hiyo anastahili kulijua hilo mapema, hata kama wenzake watanung'unika kwamba wamepunguziwa utamu. Manung'uniko hayo, kwa maoni yangu, hayafai kusikilizwa. Chama kichanga kinaweza kuanza na Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka wa 1996, kwa sababu uchungu wa yatima anayetoka Tanga kumtafuta babake hadi Kitale una faraja ndani yake, na Kitale yenyewe si mbali na wasomaji wetu. Mazungumzo yasianze kwa kuulizana nani alilia. Yaanze kwa kuuliza ni nani angeweza kuuzuia msiba, na kwa nini hakuuzuia. Mwanachama akitokwa na machozi, asihojiwe wala asibembelezwe mbele ya watu. Amiminiwe chai, na wengine waendelee.

Kitabu cha kuchekesha ndicho kinachohitaji maandalizi zaidi, jambo ambalo waratibu wengi hawalitarajii. Baada ya kila mtu kusema kwamba alicheka, kikao hunyamaza. Dawa yake ni kusoma kwa sauti. Tamthilia hufaa sana, kwa mfano Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tafsiri ya tamthilia ya Nikolai Gogol iliyoigizwa kwanza mwaka wa 1836: wagawieni wanachama sehemu za wakubwa wa mji wanaomnyenyekea karani mdogo wakidhani ndiye mkaguzi, na yeyote aliyewahi kupanga foleni katika ofisi ya umma atacheka bila kuelezwa. Kisha mratibu aulize: anayechekwa hapa ni nani? Mzaha unaowalenga wanawake, maskini au watu wa kabila fulani huwafanya baadhi ya wanachama watabasamu kwa adabu tu, na hao ndio wapewe nafasi ya kwanza ya kusema, bila kukatizwa na waliofurahi.

Kitabu kinachofuata kichaguliwe kabla watu hawajainuka kukimbilia matatu, na apendekeze yule ambaye hakucheka.