Kutaja vyanzo ukiwa chuo cha ugenini

Ukifika chuo cha Uingereza au Marekani, uliza kwanza idara yako inatumia mfumo gani wa marejeo. Saikolojia na elimu hupenda APA, fasihi mara nyingi MLA, na wanasheria wa Uingereza wana OSCOLA yenye tanbihi chini ya ukurasa. Mfumo uitwao Harvard ndio wenye kero, kwani kila chuo kina Harvard yake. Fuata mwongozo wa maktaba yenu. Kupanga marejeo mwachie Zotero, programu ya bure, ila kagua majina ya waandishi wetu: mara nyingi jina la kwanza hukaa mahali pa jina la ukoo.

Huko ni kupanga tu. Wengi hunaswa pale wanapodhani wameandika kwa maneno yao. Unasoma aya, unabadili neno hapa na pale, sentensi inabaki na mifupa ileile. Hata ukimtaja mwandishi mwishoni, mhadhiri anaweza kuuita wizi, maana umeyafanya maneno yake kuwa yako. Soma, funga kitabu, andika ulichoelewa, kisha fungua ulinganishe. Sentensi usiyoweza kuiacha itie ndani ya alama za kunukuu, pamoja na namba ya ukurasa. Namba hiyo iandike palepale unaposoma. Kuitafuta usiku wa kuwasilisha kazi ni adhabu.

Asilimia ya Turnitin, programu ambayo vyuo huitumia kulinganisha kazi yako na maandishi mengine, inaogopwa kupita kiasi. Inaonyesha mfanano tu, na nukuu halali pamoja na orodha ya marejeo huweza kuhesabiwa humo. Kazi yenye asilimia 20 yaweza kuwa safi. Yenye 5 ikawa na aya nzima ya wizi.

Usidhani pia kwamba ukitafsiri kutoka Kiswahili hakuna atakayejua. Wazo bado lina mwenyewe. Akili unde nayo hubuni vitabu visivyokuwepo, kwa hiyo usitaje usichokiona kwa macho yako, na soma kanuni za kozi kabla ya kuitumia.

Kuhusu kuandikiwa insha, tunajua wote kwamba Nairobi wapo vijana wanaoishi kwa kazi hiyo, na baadhi ni hodari kuliko wateja wao. Ila England iliifanya biashara hiyo kuwa jinai mwaka 2022, na mnunuzi huadhibiwa na chuo. Mwenye viza ya mwanafunzi akifukuzwa, chuo hutakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji. Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, usiende kabla ya kumwona mshauri wa chama cha wanafunzi.

Na bibi aliyekusimulia jambo kwa simu? Katika APA anatajwa ndani ya matini tu, kwa jina na tarehe ya mazungumzo. Haingii kwenye orodha, kwa sababu msomaji hawezi kuyapata mazungumzo hayo. Muombe ruhusa. Kama unamhoji kwa ajili ya tasnifu, pitia kamati ya maadili ya chuo kabla hujampigia.