Kabla ya Kuchimba Makinga Maji, Mjue Mwenye Shamba

Maji ya Milima ya Uluguru huingia Mto Ruvu, tegemeo kuu la Dar es Salaam, kwa hiyo udongo unaomomonyoka kwenye miteremko yake, kama Matombo au Kibungo Juu, hauwi hasara ya mkulima peke yake. Hata hivyo, atakayeshika jembe ni yeye, na miradi mingi ya kurejesha vyanzo vya maji huharibika pale anapofanywa kibarua badala ya mbia.

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na penye udongo mwembamba uchimbaji ulifukua tabaka la chini lisilo na rutuba. Mwaka 1955 vurugu zikazuka Matombo.

Jambo la kwanza, basi, ni kujua ardhi ni ya nani. Uluguruni sehemu kubwa ya ardhi ni ya ukoo, nao hufuata upande wa mama. Aliyeazima shamba huruhusiwa kulima mahindi na maharage, lakini akipanda miti huonekana anajimilikisha. Bwana shamba akigawa miche bila kuzungumza na wazee wa ukoo, asishangae kuikuta imekauka kwenye viriba. Makubaliano yaandikwe mbele ya wazee na serikali ya kijiji, yakitaja nani atavuna matunda na mbao, na wanawake wenye ardhi wawepo wenyewe badala ya kusemewa na wajomba.

Kwenye udongo wenye kina, makinga maji ya fanya juu hufaa: mtaro wa takriban sentimeta 60 kwenda chini unaofuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja kukata mteremko, iliyopimwa kwa fremu A (kipimio cha miti chenye umbo la herufi A), udongo ukitupwa upande wa juu na tuta likipandwa majani ya tembo au guatemala mapema, kwa kuwa tuta tupu hubomolewa na mvua. Mteremko ukiwa mkali zaidi, makinga maji yachimbwe kwa kukaribiana. Penye udongo mwembamba, mistari ya majani pekee yatosha.

Ugumu uko kingoni mwa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huzuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60, na kwa mwenye kijishamba chembamba bondeni huenda hilo ndilo shamba lote. Hapo ndipo wanaotumia maji wanapaswa kuchangia, kama DAWASCO, iliyokuwa kampuni ya maji ya Dar es Salaam, na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza walivyowahi kufanya kupitia mpango wa mashirika ya CARE na WWF uliowalipa wakulima wa Kibungo Juu kwa kuhifadhi udongo. Malipo yakadiriwe kwa mavuno anayoyaacha mkulima, na yaanze msimu uleule anapoyaacha.