Kujitengenezea ganda la pai ukiwa ughaibuni

Geuza pakiti ya ganda la pai lililogandishwa usome yale maandishi madogo ya nyuma. Mara nyingi utakuta mafuta ya mawese na vihifadhi, na baadhi yake, hasa Marekani, yana mafuta ya nguruwe. Kwa asiyekula nguruwe, hiyo peke yake inatosha kumrudisha jikoni. Mimi sababu yangu ilikuwa ndogo zaidi: wageni wako njiani, maduka yamefungwa, na ndani nina unga, siagi na chumvi. Ganda lile la kwanza lilitoka gumu kama soli ya kiatu, kwa sababu nililikanda.

Mkono uliozoea kukanda ndio adui hapa. Ukiona donge lina mabaka, halijawa laini, unatamani uliendeleze kidogo. Usiliendeleze. Protini za ngano zikikutana na maji na kusukwasukwa hujenga glutini, ile inayoufanya unga uvutike. Kwenye mkate unaitafuta, kwenye pai unaikimbia. Tabaka za ganda zinatokana na vipande vya siagi vilivyobaki vizima ndani ya unga: kwenye joto la oveni siagi inayeyuka na kuacha nafasi, na maji yaliyomo ndani yake, kama asilimia 16 hivi, yanageuka mvuke unaoinua unga. Siagi ikiyeyukia mikononi mwako kabla ya kufika huko, unga unainywa yote, na utakachotoa ni biskuti.

Kwa hiyo kila kitu kiwe baridi. Wakati wa kipupwe, nyumba ikiwa imewashwa hita, jiko lina joto kuliko unavyodhani. Zima hita ya jikoni saa moja kabla, au fungua dirisha.

Unga uwe wa kawaida, usiwe ule uliokwisha kuchanganywa na kiumulio wala ule mgumu wa mikate. Ulaya pakiti huonyesha protini kwa kila gramu 100. Chagua wenye gramu 9 hadi 11. Ujerumani tafuta namba 405, Ufaransa T45 au T55, Marekani ule wa matumizi yote.

Vipimo navyo huwavuruga wengi wanaohama nchi. Kikombe cha Marekani kimoja cha unga chaweza kuwa gramu 120 au 150, inategemea umechota vipi. Kijiko cha mezani cha Australia ni mililita 20, kwingine 15. Nunua mizani ndogo ya jikoni, mabishano yaishe. Kwa mizani hesabu ni rahisi: unga sehemu tatu, siagi mbili, maji moja. Chombo cha sentimita 23 kinataka unga gramu 180, siagi isiyo na chumvi gramu 120, maji ya barafu gramu 60, na chumvi nusu kijiko cha chai. Ukitaka na kifuniko cha juu, zidisha mara mbili.

Kata siagi vipande vidogo, irudishe friji dakika kumi. Changanya unga na chumvi, tia siagi, kisha ifinye kwa ncha za vidole, maana kiganja kina joto, mpaka vipande viwe bapa, vikubwa kama maharage, vingine vidogo zaidi. Acha hapo. Nyunyiza maji kijiko kimoja kimoja huku ukigeuza kwa uma, na huenda usiyamalize. Chukua konzi moja ulifinye: likishikamana bila kupukutika, maji yametosha. Likusanye kwa kulikandamiza, ulibapaze liwe duara nene, ulifunge kwa nailoni na kuliweka friji saa moja au hadi kesho yake. Muda huo unaipa glutini nafasi ya kulegea, na siagi nafasi ya kuganda tena.

Ukitaka kusukuma, anzia katikati kwenda nje, zungusha robo, sukuma tena, mpaka unene ufike milimita 3. Likianza kunata, lirudishe friji. Kuongeza unga ni kulikausha. Liweke kwenye chombo kwa kulilegeza lishuke lenyewe pembeni. Ukilivuta ili lifike, litalipiza kisasi kwenye oveni kwa kusinyaa. Kisha friji tena, nusu saa.

Kwa pai ya krimu au mayai, oka ganda kwanza likiwa tupu: tandika karatasi ya kuokea, jaza maharage makavu au mchele mpaka juu, oka nyuzi 200 za Selsiasi (karibu 400 za Farenhaiti) dakika 20, toa uzito, toboatoboa kwa uma, rudisha dakika 10 hadi 15 mpaka liwe la dhahabu. Oveni ya feni punguza nyuzi 20. Kwa pai ya matunda mabichi huna haja ya hatua hiyo: anza na 220 kwa dakika 20, halafu shusha hadi 190 mpaka mchuzi utokote katikati. Iweke rafu ya chini, juu ya trei iliyokwisha kupata moto, ili kitako kiive. Trei hiyo pia inadaka siagi inayodondoka, ambayo ikiungua itawasha king'ora cha moshi na kuwatoa majirani wote nje usiku. Nimeshaomba radhi ngazi nzima kwa hilo.

Chombo cha kioo kina faida ya kukuonyesha kitako kimebadilika rangi, ila usikitoe friza ukakiingiza moja kwa moja kwenye oveni yenye moto, kitapasuka. Donge la ziada hukaa friza miezi mitatu. Usiku wa kuamkia siku ya pai, lishushe friji.