SOMO: Kuanza X (ile Twitter ya zamani) bila kuongea peke yako

Wadau habari za jioni. Wiki hii nimeulizwa hii kitu na watu kama sita akiwemo shangazi yangu wa Kayole, basi nimeona niandike mara moja niwe nawaelekeza hapa. Naongea juu ya X. Wengi bado tunaiita Twitter, jina lilibadilishwa Julai 2023 na kale kandege kakaondolewa, kwa hivyo kwa simu tafuta herufi X, usitafute ndege.

Hatua ya 1. Kabla ata hujashusha apu, kuwa na imeli yako mwenyewe na laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Si imeli ya mpwa wako. Kuna mzee namjua alipoteza akaunti ya miaka minne juu imeli alifunguliwa na kijana wa saiba, kijana akahama, pasiwadi ikaenda naye.

Hatua ya 2. Jina. Yako mawili na watu huyachanganya. Lile la kuonekana unabadilisha vile unataka, halafu kuna la @ ambalo halipiti herufi 15 na halina nafasi katikati, ni herufi, namba na kamstari ka chini tu. Chagua fupi, jina mtu anaweza kutajiwa ndani ya matatu muziki ukiwa juu na aliandike bila kukuuliza mara mbili. Lile unapewa lenye namba kibao mwishoni libadilishe, watu hudhani ni akaunti feki.

Hatua ya 3. Picha na maelezo, herufi 160, sema unafanya nini na uko wapi. Imeisha hiyo.

Hatua ya 4. Hii watu huruka halafu wanakuja kulia. Washa ulinzi wa hatua mbili na utumie apu ya kutoa kodi (zile namba unaombwa baada ya pasiwadi), si sms. Tangu Machi 2023 kodi ya sms ni ya wanaolipia peke yao, na ata ingekuwa ya bure, hapa kwetu laini ya mtu inaswapiwa mchana kweupe, yaani namba yako inahamishiwa kadi ya mwizi, na mwenye laini yako ana kodi zako.

Hatua ya 5. Kufolo, yaani kufuata akaunti za watu. Anza na watu 30 hivi. Ma3Route ujue jamu iko wapi, Kenya Power ujue kama stima itapotea mtaani kwenu, idara ya hali ya hewa mvua zikikaribia, halafu watu wa kazi yako. Utaona kurasa mbili pale juu, moja mtambo unakuchagulia na nyingine ni ya wale umefolo mwenyewe. Mwezi wako wa kwanza kaa kwa hiyo ya pili, ile nyingine itakuletea vita vya watu huwajui mpaka usahau ulikuja kufanya nini.

Hatua ya 6, na hapa ndio nilikuwa nataka tufike. Mgeni akimaliza kufungua anaandika "Habari Twitter, nimefika". Kimya. Kesho anaandika tena, kimya. Ukiwa na wafuasi wanne, kutwiti, yaani kuandika chapisho lako, ni kama makanga anaita abiria kwa stage haina watu, sauti inakauka na gari haijai. Mimi nilifanya hivyo karibu mwaka mzima. Kilichonitoa ni siku dada mmoja aliuliza mkanda wa cherehani unapatikana wapi tao, nikamjibu jengo, orofa na bei niliyonunua yangu, na juu swali lake lilikuwa limeonwa na watu wengi jibu langu nalo likaonwa, jioni nilikuwa na wafuasi wapya zaidi ya wale wote wa mwaka mzima. Kwa hivyo wiki mbili za kwanza usitwiti. Jibu. Ingia pale pa kutafuta, andika "natafuta fundi Nairobi" ama chochote cha kazi yako, majibu matano kwa siku, na ujibu kabisa, si "njoo dm" (ujumbe wa faragha).

Ukianza kutwiti yako una herufi 280. Zamani zilikuwa 140 mpaka 2017, juu sms ni 160 na waliacha 20 za jina. Ikizidi bonyeza ile alama ya kujumlisha uunganishe nyingine chini yake.

Na msidhani kujibu ni kazi ndogo. Wakenya wa Twitter walijulikana dunia nzima 2015 kwa kujibu, CNN ilituita kitovu cha ugaidi Obama akikaribia kuja, watu wakamimina #SomeoneTellCNN mpaka mkubwa wao mmoja akapanda ndege akaja Nairobi kuomba msamaha.

Hashtegi (neno lenye alama ya # mbele) weka moja ama mbili, na usidandie trendi, ile mada inavuma, ati juu iko namba moja. Shirika la Mozilla walichunguza 2021 wakapata kuna watu hapa Kenya walikuwa wanalipwa kama dola 10 hadi 15 kupandisha hashtegi za siasa.

La mwisho, usitwiti na hasira. Niliwahi kumwandika landlord wangu wa zamani vile anakata maji, kumbe mtoto wake ananifolo. Kodi ya nyumba ilipanda mwezi uliofuata, sisemi zaidi.

MASWALI

Mama Viatu, Gikomba: Asante mwalimu. Nikiuza niweke bei ama niseme dm?

Weka bei mama, na saizi, na picha umepiga mchana. Watu wa huku "bei dm" wanaichukia kabisa.

Fundi wa Luthuli: Kuna jamaa ananiuzia wafuasi elfu moja, nichukue?

Zii. Ni akaunti hazina watu, hakuna ata moja italeta simu ikatengenezwe.

Msomaji: Nililalamikia benki yangu, akaunti iko na tiki ya bluu ikanijibu nitume namba ya kitambulisho. Ni wao?

Usitume! Tiki ya bluu siku hizi inanunuliwa. Tafuta akaunti iliyoandikwa kwa tovuti ya benki yenyewe, na pin haupei mtu yeyote.

Kijana wa Roysambu: Inakula bando sana.

Ingia mipangilio, washa kuokoa data, video ziache kujicheza zenyewe.

Mwanachuo: Kwani Bluesky na Mastodon?

Hiyo mitandao mingine iko poa na imetulia, Bluesky herufi 300 na Mastodon kawaida 500. Lakini wateja wa Gikomba bado wako huku.

Mzee wa Githurai: Nimeandika "Githuria", narekebisha wapi?

Kuediti ni ya wanaolipa mzee wangu. Futa uandike upya haraka, kabla mtu hajapiga skrinishoti.

Mzee wa Githurai: Wameshapiga.