Namna ya Kuipima Habari ya Tiba Mpya ya Jeni

Habari ya tiba ya jeni, yaani kutibu kwa kuongeza au kurekebisha jeni, inapoifikia familia inayouguza mgonjwa wa maradhi ya kurithi, tafuteni kwanza jina la jeni iliyoharibika, kwa kuwa jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Luxturna, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, hutibu upofu utokanao na hitilafu za jeni ya RPE65 tu. Mwenye hitilafu katika jeni nyingine hatanufaika nayo, hata kama dalili zinafanana. Ombeni kipimo cha vinasaba na mhifadhi nakala ya majibu.

Kisha ulizeni kama jeni itapelekwa moja kwa moja mwilini au seli zitatolewa zirekebishwe maabara. Dawa nyingi za njia ya kwanza hubebwa na virusi visivyoweza kuzaliana. Mgonjwa apimwe kingamwili dhidi ya virusi hivyo, maana akiwa nazo kwa wingi huenda asifae, na baada ya dozi moja kinga ya mwili kwa kawaida huzuia ya pili.

Kwa selimundu, nawasihi msome kwa utulivu zaidi. Casgevy, iliyoidhinishwa kwanza Uingereza mnamo Novemba 2023, hutumia mbinu ya CRISPR, inayokata vinasaba mahali palipochaguliwa, kwenye seli shina za damu (zinazozalisha seli nyingine za damu) zilizotolewa mwilini. Hupunguza nguvu ya jeni ya BCL11A, ambayo huzima hemoglobini ya utotoni, ili mwili urejee kutengeneza hemoglobini ile (kibeba oksijeni cha damu) ambayo mtoto huwa nayo tumboni. Wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Ni matokeo ya kufurahisha kweli, lakini kabla ya seli kurudishwa, uboho husafishwa kwa kemotherapi kali, mgonjwa hulazwa kwa wiki kadhaa, na uwezo wa kuzaa unaweza kupotea. Suala la kuhifadhi mayai au mbegu za kiume lijadiliwe mapema, wala msisahau kwamba tiba hii haibadilishi jeni atakazorithi mtoto.

Mkialikwa kwenye jaribio la tiba ya jeni, someni fomu ya ridhaa hadi sehemu ya ufuatiliaji. Miaka ya 2000 mwanzoni, nchini Ufaransa, baadhi ya watoto waliotibiwa upungufu mkali wa kinga walipata saratani ya damu miaka michache baadaye, kwa kuwa virusi vilivyotumika viliamsha jeni za saratani. Ndiyo sababu ufuatiliaji wa tiba zinazobadilisha vinasaba vya seli hufikia miaka 15. Ulizeni nani atauendesha na nani ataulipia.