Modi 200 na bado msogeo haufiki: kurekebisha modeli iliyopunguzwa

Juzi nilikaa na mwenzangu aliyekwama. Modeli yake iliyopunguzwa (toleo dogo la modeli kamili ya muundo, lenye milinganyo michache) ililingana na modeli kamili katika frikwensi zote alizozitaka, ila pale kani inapogusa, kwenye kibano kidogo mbali na mpaka (nodi, yaani nukta za meshi, zinazobaki kama zilivyo), msogeo ulikuwa pungufu. Alishapandisha modi (maumbo ya mtetemo yanayowekwa kwenye modeli) kutoka 20 hadi 200. Nami niliwahi kupoteza siku tatu kwenye tatizo hilohilo.

Hatua ya 1. Tumia Craig-Bampton (1968), njia ya kupunguza inayobaki na nodi za mpaka na kuongeza modi za ndani zilizokokotolewa mpaka ukiwa umefungwa. Guyan (1965), njia inayobaki na nodi chache tu bila modi za ndani, naiachia kazi tuli: inapuuza inersia ya nodi zilizoondolewa, kwa hiyo frikwensi zake hukaa juu ya zile za modeli kamili, na kosa hukua kadiri unavyopanda.

Hatua ya 2. Weka modi hadi mara 1.5 au 2 ya frikwensi ya juu unayoihitaji.

Hatua ya 3. Rudisha ulegevu uliotupwa. Modi ulizokata hazina mwangwi (resonance) katika eneo lako la frikwensi, sawa, lakini kila moja bado hunepa kidogo kama springi. Ukizitupa, modeli inakakamaa kupita kiasi. Kani ya nukta moja huathirika zaidi, maana ulegevu wake umetawanyika katika modi nyingi za juu. Ndiyo sababu kuongeza modi ni kuchota bahari kwa kijiko. Funga mpaka, tatua K x = f kama swali tuli (K ni matriki ya ukakamavu, x msogeo, f kani), toa kwenye x sehemu ambayo modi zako zimeshaibeba, kisha kinachobaki kiongeze kama safu mpya kwenye matriki ya kupunguzia. Kila kani na safu yake.

Sasa mitego. Utoaji huo upitie matriki ya tungamo. Mimi nilitumia zidisho la kawaida la vekta, huku programu yangu ikichukulia kwamba matriki ya tungamo la ndani lililopunguzwa ni ya mshazari (nje ya mshazari ni sifuri tupu). Frikwensi za chini zikavurugika na nikailaumu meshi. Siku tatu! Toa mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza huacha makombo ya ukokotoaji. Kikibaki kitu karibu na sifuri, kitupe, la sivyo matriki itakuwa mbovu. Kani ikiwa kwenye nodi ya mpaka, usiongeze chochote: modi za mpaka zimeshabeba ulegevu huo. Na ukitumia modi huru (zilizokokotolewa bila kufunga mpaka) kwa muundo usio na egemeo, K haitatuliki hadi usawazishe kani kwa inersia ya mwendo wa mwili mgumu.

Safu mpya huzaa pia frikwensi ya juu sana isiyo na maana ya kifizikia. Usiiripoti. Mbinu za wazi za hatua za muda zitalazimika kwenda kwa hatua ndogo mno. Mimi hubaki na Newmark yenye mchapuko wa wastani, mbinu isiyo ya wazi.

Hatua ya 4. Linganisha mwitikio penye kani kwa skeli ya logi. MAC (kipimo cha mfanano wa modi) hukagua maumbo tu. Tazama mabonde ya mchoro wa mwitikio kuliko vilele vyake: vilele huweza kulingana kabisa huku mabonde yamehama.

Mwenzangu alirudi kwenye modi 20, akaongeza safu mbili, na mabonde yakakaa mahali pake.